Kimya Hakitii Saini

Buruburu, Phase Three
Nairobi
3 Februari 2025

Wifi yangu Aloo,

Falis wa ofisi ya vifurushi pale stendi ya mabasi alinipigia akasema, "Mama, kuna bahasha yako kutoka Ugenya, na inanukia samaki." Nikacheka peke yangu jikoni. Nani siku hizi anaandika barua? Lakini ati simu yako imeanguka kwenye karai la maji na hutaki nyingine. Haya. Umenirudishia raha niliyokuwa nimeisahau, ya kusoma maneno yako huku nikiyasikia kwa sauti yako ileile, ile uliyokuwa ukipigia hodi tangu kwenye kona ya duka la mkate. Hodi yako ilikuwa inafika nyumbani kabla yako. Marehemu Seth akiisikia alikuwa anasema, "Weka maji ya chai, dada anakuja, bado yuko Jogoo Road."

Sasa nikueleze yaliyo huku. Shemeji Sylvance alikuja Jumapili ile ya mwisho wa Januari baada ya kanisa, amefunga tai, amebeba mkataba. Kuna kampuni inataka kununua nyumba yetu ibomolewe, ijengwe ghorofa. Nilimkumbusha kwamba wewe na Seth mliinunua pamoja na kwenye hati mliandikwa wote wawili, na Seth alipofariki fungu lake likawa langu, kwa hivyo hakuna kitakachouzwa bila saini yako na yangu. Akasema ndiyo, ndiyo, hilo analijua, ndiyo sababu amekuja. Huyu mdogo wenu wa mwisho akipata wazo hubadilika akawa bwana harusi.

Mkataba wenyewe ni Kiingereza kitupu. Mimi Kiingereza nakijua, si nimefundisha watoto wa chekechea ya kanjo ya jiji mpaka nikastaafu? Lakini Kiingereza changu ni cha "kaa chini" na "nawa mikono". Hiki kingine kimevaa suti. Nilisoma ukurasa wa kwanza kutoka juu hadi chini bila kukutana na mtu ninayemjua. Basi nimejiandikisha darasa. Kuna wakili kijana, jina lake Mutisya, anafundisha Kiingereza cha mikataba jioni kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa. Tuko wachache: mafundi, bwana mmoja anayekodisha mahema, na Triza, msichana anayeuza vitambaa Eastleigh. Triza huniita mathe kama mimi ni mama yake, na hunishikia kiti kando yake.

Neno la kwanza lilikuwa offer. Mutisya alisema ni pale mtu anaponyoosha mkono wenye kitu ndani yake akakwambia, chukua hiki, unipe kile, na nimemaanisha. Usipokichukua, bado ni chake. Alfajiri nikaota. Offer amekuja nyumbani, mzee mwembamba, kofia iko mkononi, ameketi chini ya mlokwati wa Seth anaangalia majani. Nikamletea chai, hakuinywa. Alikuwa anasubiri nimjibu, na mimi nilikuwa nashangaa tu jinsi mwanga ulivyokuwa ukipita katikati ya vidole vyake. Nikaamka mkono wangu umenyooka nje ya blanketi.

Wewe ndiwe mkubwa. Unasemaje juu ya nyumba?

Wako,
Ayuma


Ugenya
11 Februari 2025

Nyar Bunyore,

Yawa, binti wa Bunyore! Meno ya mbele yameanza kulegea ndipo unaingia shule? Seth angekuwa hai angekununulia begi na chupa ya maji, akakusindikiza hadi mlangoni kwa huyo mwalimu wako. Usikae karibu na dirisha, nakujua, utaangalia mawingu mpaka kengele ilie.

Huku mvua bado. Kuku wamekonda lakini wana kiburi. Kwaya nimewaachia wasichana. Sasa nakaa benchi la nyuma, na usiniulize kwa nini, nimechoka tu. Ukikaa nyuma unasikia vitu ambavyo aliye mbele havisikii, kama njiwa wanavyotembea juu ya mabati wakati wa maombi.

Umeniambia ndoto yako, nami nikuambie yangu. Nimo jikoni Buruburu, kuna harusi uani, na watu wote wamegeuka kuniangalia nianze vigelegele. Nafungua mdomo. Badala ya sauti yanatoka majani ya mlokwati, moja baada ya jingine, yanaelea polepole hadi kwenye masufuria. Hakuna aliyeshtuka. Watu waliyaokota wakayapachika kwenye nywele, na bibi harusi akacheka. Nilipoamka nilikuwa nimetulia mpaka nikajishangaa.

Kuhusu nyumba, fanya unavyoona. Mimi niko huku, wewe ndiwe unayefagia ule ua. Na naona kama umeshaamua, maana mtu hajifunzi kuogelea kama hana haja ya kuvuka mto. Jifunze vizuri usije ukaibiwa.

Nitumie maneno mengine. Baada ya saa nane sina kazi ila kukaa mlangoni. Na usimpigie simu jirani yangu ili uzungumze nami, hana adabu yule, anasikiliza.

Aloo


Buruburu, Phase Three
20 Februari 2025

Wifi Aloo,

Wewe uache kwaya? Basi kanisa litafungwa. Lakini umesema nisiulize, siulizi.

Maneno nimekuletea. Acceptance ni kukubali kile ulichopewa, vilevile kilivyo. Ukisema "nakubali, lakini punguza kidogo," hujakubali. Umeiua offer ya mwenzako na umetoa yako mpya. Triza aliruka kwenye kiti akasema, "Kumbe! Customer akishika kitambaa aniambie nimfanyie poa, ameua offer yangu! Na vile mimi humchekea!" Darasa zima tukaangua kicheko, hata Mutisya, na Mutisya hacheki ovyo.

Kisha kuna consideration, ile ambayo kila upande lazima uitoe. Mmoja akitoa peke yake, hiyo ni zawadi, si mkataba. Na kuna void, mkataba ambao ni kama haukuwahi kuwepo, hata ukiwa na mihuri. Neno hilo nilitoka nalo darasani likanifuata njiani. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya ghorofa mpya, na vigae vya nyumba zetu vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kila geti nililopita nililiona limesimama juu ya hewa. Nikafika kwetu, nikagusa ukuta. Ulikuwa na joto la mchana. Nikashukuru.

Maneno yote nimeyatia kwenye ule wimbo wa kuwavisha watoto viatu. Offer mguu wa kulia, acceptance mguu wa kushoto, consideration funga kamba. Nafagia nikiuimba. Jirani ameuliza kama nimepata wajukuu. Nikamwambia mimi na Seth Mungu hakutujalia watoto, sasa ametujalia msamiati.

Sasa jambo lenyewe. Sylvance anasema Jumamosi tarehe 8 Machi kutakuwa na kikao bomani kwenu juu ya nyumba. Unajua desturi yenu: wanaosema ni waliozaliwa humo, na mimi niliyeolewa sina kiti. Kwa hivyo wewe ndiwe mdomo wangu. Ukikataa pale, nami nitakataa. Ukikubali, nitatia saini. Sitakuambia mimi nataka nini nisije nikakuvuta upande wangu, maana nyumba ilikuwa yako kabla sijavishwa pete. Ila kuongea unajua, hilo silalii macho.

Wako,
Ayuma


Ugenya
28 Februari 2025

Nyar Bunyore,

Umetafuta ukoo mzima ukanichagua mimi kuwa mdomo. Ungenichagua mguu ningekushukuru, ninayo miwili na yote inatembea.

Maneno yako nayatumia. Mwanamke wa jirani amekuja na kibakuli cha dagaa wa omena akitaka jogoo wangu. Nilimkazia macho, nikarudisha kibakuli mikononi mwake, jogoo akabaki. Sasa sijui kama hiyo ni kuiua offer au ni uchoyo tu. Muulize mwalimu.

Nimeuona ule wimbo wako wa viatu. Unaonekana una furaha, na furaha yako nimeisoma mara nyingi hapa mlangoni. Tangu Seth atutoke sijakusikia ukiimba. Kikao kikifika nitafanya lile litakalokufaa. Usiwe na wasiwasi nami.

Je, mlokwati umezaa?

Aloo


Buruburu, Phase Three
12 Machi 2025

Dada Aloo,

Sylvance amerudi. Anasema mlikula vizuri, kisha akakuuliza mbele ya wote kama una neno la kupinga, ukanyamaza. Akakuuliza tena, ukaangalia chini. Anasema katika ukoo wenu anayepinga husema, na dada mkubwa akinyamaza neno limefungwa. Wakafunga kwa maombi.

Haya, nimesikia. Kunyamaza ni kukubali, hata kwetu Bunyore husemwa hivyo. Ijumaa tarehe 28 tutakwenda ofisini kwa wakili wa kampuni nikatie saini, kisha watakuletea karatasi utie yako huko huko.

Nimekasirika na sitaficha. Neno moja lilikushinda? Wewe uliyezima spika kwenye harusi yangu kwa kigelegele kimoja mpaka mpiga muziki akainua mikono? Ungeniambia mapema kwamba nyumba haina uzito kwako, ningeacha kupogoa ule mti.

Nimeota maneno ya darasani yanahama. Yote yamebeba magodoro kichwani, yanapita getini kimyakimya, na yule mzee wa kofia yuko mbele. Nikauliza mnaenda wapi. Hakuna lililogeuka.

Ayuma


Buruburu, Phase Three
19 Machi 2025

Aloo wangu,

Hujanijibu, na leo najua kwa nini. Soma hii polepole.

Jumatatu niliingia darasani shingo upande. Nilikuwa nakwenda kwa sababu nilikuwa nimeshalipa, basi. Mutisya akaandika ubaoni: Silence is not acceptance. Kimya si kukubali. Akasema, tuseme mtu anakuandikia, "Nataka jogoo wako, usiponijibu kufikia Jumapili, jogoo ni wangu." Wewe ukakaa kimya. Jumapili ikifika jogoo bado ni wako, na huyo mtu abaki na barua yake. Hakuna anayeweza kukufunga kwa kimya chako. Lazima useme, au uandike, au ufanye jambo ambalo kila mtu ataliona kwamba umekubali.

Niliinua mkono. Nilikuwa nataka kumwambia hajui watu. Nikamuuliza, "Na kama ni familia? Na kama kwao kunyamaza ndilo jibu?"

Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Mama," akasema, "mimi ningeuliza kwanza kwa nini huyo mtu alinyamaza."

Aloo, sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimekasirika tu. Nilitoka pale nikatembea bila kuangalia ninakokwenda, ukungu wa mvua umeshuka mpaka kwenye taa za barabarani, na kila aliyenipita alikuwa anaongea na mtu mwingine kwenye simu. Nikafikiria ya kwako, iliyoanguka kwenye karai. Nikafikiria benchi la nyuma. Nikafikiria jirani asiye na adabu, ambaye mimi namfahamu na hajawahi kumkosea mtu.

Asubuhi nikaenda stendi kumuuliza Falis kama barua yangu ilikufikia. Mama yake anasali nanyi, kumbe. Akasema ilifika, mama yake alikukabidhi mwenyewe. Nikasema, "Basi mbona hasemi kitu, hata huko kikaoni hakusema?" Falis akaacha kufunga mzigo. "Atasemaje, mama? Kwani hukujua? Tangu apasuliwe goita shingoni mwezi wa kumi na moja sauti haijarudi."

Nilikaa juu ya gunia la mtu. Mwenyewe akaja, akaniona, akaniacha nikae.

Yale niliyokuandikia juu ya kigelegele nayarudisha. Sheria inamruhusu mtu kurudisha offer kabla haijakubaliwa, na jina lake ni revocation. Sijui kama maneno machungu nayo hurudishika. Nisamehe, dada yangu. Nimelia mpaka macho yamekuwa mabungo.

Sasa nijibu kwa kalamu. Kile kimya chako kilikuwa cha kukubali, au kilikuwa cha kukosa sauti? Ijumaa ya saini bado haijafika.

Wako,
Ayuma


Ugenya
24 Machi 2025

Nyar Bunyore,

Falis ana mdomo kama debe lenye tundu. Lakini basi, limevuja, tuoge.

Ni kweli. Goita ilitolewa, shingo ikapona vizuri, sauti ikabaki huko huko. Daktari alisema huenda ikarudi. Kila asubuhi nilikuwa natoka nje kumwita paka, nione kama imekuja. Paka haji. Kilichobaki ni pumzi tu, kama ya mtu anayepuliza jiko. Sikukuambia kwa sababu ungelia kwenye simu, na mimi nisingeweza hata kukuambia nyamaza. Watu wamezoea kunisikia kabla hawajaniona, wifi. Sasa naingia mahali na hakuna anayejua kwamba nimeingia. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kisu chenyewe.

Sylvance hajui. Krismasi nilijifunga kitambaa shingoni nikamwonyesha kwa mikono kwamba nina mafua, akaamini, akarudi Nairobi. Wazee wa kikao wanajua niliumwa, lakini walisema moyoni, akitaka kupinga si atatikisa kichwa.

Na hapo ndipo nataka unisikie. Ningeweza kutikisa kichwa. Hata kalamu ilikuwa kwenye mkoba. Sylvance aliponiuliza nilifungua mdomo ukatoka upepo, watoto wa nje wakacheka kitu chao, nami nikaufunga. Kisha nikakuwaza wewe. Tangu mwezi wa pili unaniandikia offer na acceptance, umezitungia na wimbo. Nikasema, huyu amechoka na nyumba ya ujane. Anataka kuondoka na ananionea haya. Mto anaujua, ameshajifunza kuogelea, mimi ni nani nimshike nguo? Basi nikanyamaza mara mbili, kwa kukosa sauti na kwa kukupenda. Nilidhani nakupa zawadi.

Sasa wewe unanikasirikia kimya changu. Rudi uzisome barua zako. Unaniuliza mimi nataka nini, unamletea chai mzee wa kofia, unagusa ukuta unashukuru, lakini ulitaka nini wewe, Ayuma? Hujasema hata mara moja. Na wewe sauti unayo.

Haya, naanza mimi, na nimeandika kwa herufi kubwa ili hata wakili aione. SIKUKUBALI. Sitaki nyumba ibomolewe. Nalala Ugenya, lakini kila ninapoota nimo kwenye lile jiko, bomba linavuja, na Seth yuko uani anauliza chumvi iko wapi.

Barua hii nampa dereva mwenyewe mkononi. Nimemwekea na samaki ili asisahau.

Aloo


Buruburu, Phase Three
30 Machi 2025

Aloo wangu,

Ilifika Alhamisi jioni. Niliisoma nimesimama uani, na mlokwati ukanidondoshea maji ya mvua kichwani, nikayaacha.

Ijumaa tukaenda. Ofisi ya huyo wakili iko juu sana, dirisha lake ni ukuta mzima, na mawingu yalikuwa yanapita karibu mpaka nikaogopa yataingia kuketi kando yetu. Sylvance alikuwa na tai yake. Kalamu ilikuwa imeshawekwa mbele ya kiti changu. Nikasema, naomba kwanza nisome.

Wakanipa maji. Nikasoma. Aloo, yote yalikuwepo. Maneno yale niliyoyaona yakihama na magodoro, yalikuwa yamekaa kwenye mistari yao, na safari hii yalinitambua. Nilipita ukurasa baada ya ukurasa nikiyasalimia. Sylvance akawa anakohoa, wakili akawa anaangalia saa, na mimi moyoni naimba, funga kamba, funga kamba.

Nikamaliza, nikaweka karatasi chini. Nikasema, "Offer yenu nimeielewa. Mimi sikubali. Na Aloo hakukubali."

"Shemeji!" Sylvance akasimama. "Dada alinyamaza mbele ya watu wazima! Mimi mwenyewe nilimuuliza!"

Nimetoa siri yako hapo, na kama ni kosa nitalibeba. Nikamwambia, "Sylvance, dada yako hana sauti. Tangu Novemba."

Akaketi. Alishika ile tai akaizungushazungusha kidoleni. Akasema, "Krismasi nilimwambia anywe tangawizi." Kisha akalia, shemeji mzima, mbele ya katibu na mawingu yote yale. Tulikuwa tunamwona mroho, Aloo, lakini nadhani alitaka tu kuwa mtu aliyeleta kitu kikubwa nyumbani. Wakili akafunga faili taratibu. Akasema kama wenye nyumba hawajakubali, basi hakuna mkataba, na akaniuliza Kiingereza hicho nimekisomea wapi. Nikamwambia juu ya duka la dawa.

Sasa langu. Umesema kweli, sikuwahi kusema. Nilijifunza yale maneno ili nijue kukataa bila kuonekana mjinga. Lakini nilitaka wewe ndiwe ukatae, ili nisiitwe mjane aliyeng'ang'ania nyumba ya watu. Nilijificha nyuma ya mdomo wako, na kumbe mdomo wenyewe ulikuwa umefungwa. Naipenda nyumba hii. Tena naogopa kuishi ndani yake peke yangu, jioni vyumba hurefuka. Yote mawili ni kweli.

Kwa hivyo natoa offer. Nimeipitisha kwa Mutisya, amesema iko sawa, ila niondoe neno "mpenzi". Sikuliondoa.

Mimi, Ayuma, ninakupa wewe, Aloo mpenzi, chumba cha nyuma kinachotazama mlokwati, kitanda chako kilekile, na ufunguo wa geti. Upande wangu, nitawajibu wauza mboga, nitamwita paka, na nitakuwa sauti popote utakaponyoosha kidole. Upande wako, utapika samaki vile unavyojua wewe, na utanitikisia kichwa nikikosea. Hiyo ndiyo consideration, kila mmoja ametoa kitu. Offer hii haina tarehe ya mwisho.

Ukitaka kuikataa, niandikie. Ukitaka kuikubali, si lazima useme wala uandike. Mutisya anasema mtu akilitenda lile jambo lenyewe, amekubali, na hakuna mahakama itakayomuuliza sauti yake iko wapi.

Wako,
Ayuma


Getini kwako, Buruburu
12 Aprili 2025

Nyar Bunyore,

Nimegonga geti kwa ngumi, nimegonga kwa jiwe. Nakusikia huko ndani umefungulia bomba na unaimba wimbo wako wa viatu, wala hugeuki. Sylvance amenileta, amekwenda kutafuta mahali pa kuweka gari. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake, anaomba msamaha, anauliza maswali, anayajibu mwenyewe. Nimecheka mpaka Nakuru. Jogoo nimekuja naye, na amechafua kiti.

Mlokwati umevuka ukuta, na hukuniambia.

Pale kwenye kona ya duka la mkate nilimwashiria Sylvance asimamishe gari. Nikashuka nikafungua mdomo kwa mazoea. Hakikutoka kitu. Lakini mama mmoja aliyekuwa ananunua maziwa aligeuka, akaniangalia, akasema, "Aloo, umerudi?"

Karatasi hii naipitisha chini ya geti. Isome kwa sauti, wewe unayo.

Hodi.

Aloo